Nilivyompita Msomaji wa Imla

Usiku wa jana niliota, na naomba msinicheke, kwamba mtihani wangu wa hatimkato, ile michoro ya kuandikia maneno upesi, umeletwa kitandani, nami naufanya nikiwa na khanga. Ni mara yangu ya tatu. Nikishindwa kuandika maneno themanini kwa dakika, ofisi inanirudisha mapokezi, na mimi mapokezi sirudi.

Mwalimu Ndimbo anaanza kusoma imla: "Kikao kilifunguliwa saa nne..."

Nafurahi. Hii ndiyo aliyonisomea miezi mitatu ya mazoezi, naijua kama jina langu. Kabla hajafika kwa mwenyekiti, mimi nimeshaandika shukrani na kufunga kikao.

"Dada Bupe," inasema penseli, "umempita mwalimu. Mwenda pole hajikwai."

"Mwenda pole hafiki themanini. Andika!"

Mstari wa daftari unakuwa lami. Mbele amesimama rula, kavaa sare nyeupe ya trafiki, ananipungia nisimame.

"Leseni yako ya maneno mangapi?"

"Themanini, afande."

"Ulikuwa mia na hamsini. Na hayo unayoandika kayasema nani?"

Nageuka. Nyuma kule Mwalimu Ndimbo anakuja mbio, viatu mkononi, jasho linamtiririka. "Bupe mwanangu, nisubiri! Mimi bado niko kwenye dua ya ufunguzi!"

Naona aibu, aibu ya kweli. Miezi mitatu mzee wa watu ananisomea, nami sijamsikiliza hata siku moja.

"Mwalimu," anasema rula, "msomee asichokijua."

Mwalimu anafunua ukurasa mwingine. Mara tuko ofisi ya kata, na waliokaa mezani ni mbuzi.

"Mbuzi wa mtendaji," anasoma, "wamekula kumbukumbu za kikao kilichopita, na wanaomba za leo zitiwe chumvi..."

Sijui neno gani linafuata, kwa hiyo nasikiliza. Likija naliandika. Likija jingine naliandika. Mbuzi mmoja anasogea, anasoma begani kwangu huku akicheua.

Nikaamka. Daftari lilikuwa kifuani, wazi. Nikasoma michoro yangu mwenyewe: mbuzi, mtendaji, chumvi. Nikahesabu maneno. Themanini kamili, hakuna pengo hata moja. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Kona ya chini ya ukurasa ilikuwa imetafunwa, na bado ina mate.