Tausi Wawili Juu ya Kompyuta

Maneno yalianzia mashineni, pale tunapokoboa mpunga. Mwanamke mmoja nisiyemfahamu alisema huku akipepeta chenga, "Ile kompyuta ya shule haikaliwi na mtoto yeyote tu. Inakaliwa na mtoto ambaye mama yake ameivalisha." Wenzake wakacheka. Mimi nikajifanya natafuta gunia langu.

Nikarudi nyumbani na neno lile. Nikapika nalo, nikalala nalo. Maana kompyuta hiyo niliijua, na aliyeivalisha nilimjua. Shule yetu hapa Ifakara ililetewa moja tu na wafadhili, ikawekwa kwenye chumba kidogo kando ya ofisi, jenereta ikawa inawashwa kila Alhamisi. Mwalimu Hermenegildi aliwaita watoto wa darasa la sita wawili wawili, wakaandike majina yao yatokee kwenye kioo. Na juu ya kioo hicho, kama tunavyofunika redio zetu majumbani, palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kina tausi katikati. Cha Nadhira, mama Kudra, mwenye duka pale barabarani.

Kudra alikuwa ameshaitwa mara nyingi. Levina wangu, bado.

"Kudra anaitwa kwa sababu anajua kuiwasha, mama," Levina aliniambia. "Anawaelekeza wenzake."

"Nani kasema?"

"Mwalimu."

"Mwalimu naye kavalishwa."

Roho iliniuma. Nikimwona yule mtoto anapita na soksi zake nyeupe, nauona mlango wa sekondari unamfungukia yeye, wangu anabaki nje na jembe.

Nikaenda kununua uzi. Na uzi mzuri uko wapi kama si kwa Nadhira huyohuyo?

"Karibu mama Levina. Leo umetoka shamba mapema."

"Nataka uzi mweupe. Ule wa kung'aa."

Akauweka mezani, asiuachie. "Wa redio?"

"Redio yangu imevaa zamani."

"Ahaa! Basi wa kompyuta." Akacheka mpaka mteja mwingine akageuka. "Fuma, shoga yangu, fuma. Ila tausi ni wangu. Wewe tafuta ndege mwingine. Huko kwenye mpunga si mnashinda mkiwafukuza? Unawajua wote."

Nikalipa, nikauchukua. Nilifumia shambani, juu ya dungu, kamba ya makopo ya kutishia ndege nimeifunga mguuni ili mikono ibaki na sindano. Nikifikiria kicheko chake naupiga mguu, makopo yanalia, kwelea kwelea wanaruka. Nilifuma tausi wawili. Nikakifanya kipana, kishuke mpaka mgongoni mwa mashine, ili cha Nadhira kikiwekwa karibu kionekane kama leso ya mafua.

Nilikipeleka mwenyewe. Mwalimu Hermenegildi alikishika, akakitazama, akasema asante. Angekataaje kitu cha mzazi?

Alhamisi iliyofuata Levina akaitwa, pamoja na Kudra. Sasa niambieni, ningeacha kuamini maneno ya mashineni? Nilimfunga riboni, nikamwambia, "Chetu kikae juu. Umesikia? Juu."

Yaliyotokea nilisimuliwa na watoto wenyewe. Mwalimu alikuwa nje anaongeza petroli. Levina akatandika chetu. Kudra akakikunja, akaweka cha mama yake juu yake. Levina akavuta. Wakavutana hivyo mpaka vikarundikana vyote viwili, vimekunjwa, vimeziba juu na nyuma. Ndipo Levina akakaa. Akatafuta herufi kwa kidole kimoja, polepole, maana hakuwahi kuzigusa. L. E. V. I. Kukawa na harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kanga. Kioo kikafifia, kikazima.

Tuliitwa kwenye chumba cha kompyuta, mimi na Nadhira. Mwalimu alikuwa ameshika vitambaa, vimeungua rangi ya chai.

"Haya matundu ndiyo pua yake," alisema, akionyesha mgongo wa mashine. "Inapumua humu. Mmeiziba."

"Changu hakifiki nyuma," alisema Nadhira.

"Chako ndicho kilikuwa juu," nikasema.

"Juu ya kipi? Juu ya blanketi lako?"

"Akina mama," mwalimu akasema, "tazameni dirishani."

Wanetu walikuwa wamesimama nje. Kudra analia. Levina halii. Anakitazama kile kioo cheusi, kidole bado kimenyooka.

Njiani alitembea mbele yangu. Tulipofika mlangoni tu akasema, "Zilibaki herufi mbili, mama."

Fundi alikuja kutoka Morogoro, akaibeba, na hadi leo haijarudi. Levina yuko darasa la saba sasa. Atamaliza bila kuligusa jina lake. Kudra lake ameliandika mara nyingi, na hilo bado linaniuma, sitawadanganya.

Juzi Nadhira aliniita dukani. Namawala, kijiji cha jirani, nao wataletewa kompyuta, na mama mmoja wa huko alikuja akachagua uzi mweupe. "Nimemwuzia, biashara ni biashara," alisema. "Lakini andika wewe, mwandiko wako unasomeka. Nitawabandikia hapa mlangoni."

Basi, akina mama, epukeni haya:

Kufunika kompyuta inapowaka. Ikizimwa, ikapoa, funikeni mtakavyo.

Kuziba matundu yake, kwa kitambaa, kwa daftari au kwa maua ya plastiki.

Kuisukuma mpaka igusane na ukuta.

Kumpa mwalimu kitu atakachoona haya kukikataa.

Kuchukua habari za shule mashineni, na shule yenyewe ipo.

Kumtuma mtoto akashindane kwa niaba yako.

Kumwacha aanze jina lake kabla kitambaa hakijaondolewa.