Kinyozi na Giligilani za Binti Yake

Kinyozi alipohamia kwa binti yake alikuja na sanduku la nguo, redio, na begi la ngozi lenye mikasi na vitana vyake. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Mwanzoni alijifanya haoni, na wateja nao wakajifanya hawaoni, mpaka siku alipomkwaruza sikio mteja aliyekuwa akimnyoa tangu ujana wao. Yule mtu alisema si kitu, akajifuta kwa taulo, akaaga. Wiki ileile mzee akafunga kibanda chake na kumpigia binti simu. "Nakuja kupumzika," alimwambia.

Kupumzika kwenyewe kulimshinda. Binti yake alikuwa muuguzi, leo anaingia asubuhi, kesho jioni. Mkwewe alikuwa fundi bomba, akitoka na spana zake haonekani tena mpaka jua lizame. Nyumba ikabaki na mzee na redio yake. Alikunja shuka zilizokuwa zimeshakunjwa. Alifagia ua, kisha akaufagia tena. Mtu aliyezoea kusimama nyuma ya kiti na kupiga soga kutwa nzima, sasa hakuwa na wa kumwambia hata kwamba mawingu yametanda.

Nyuma ya nyumba binti alikuwa na kijibustani: tuta la giligilani, mrehani kando yake, na nanaa iliyokuwa ikitambaa itakako. Kilikuwa shaghalabaghala. Giligilani zilikuwa zimerefuka mpaka kiunoni. Yale majani mapana ya kutia kwenye mchuzi yalikuwa yamekwisha, yamebaki mengine membamba kama nyuzi, na juu maua meupe yalikuwa yakigeuka punje za kijani. Mashina mengine yalikuwa yamechoka kusimama, yamejilaza njiani hadi karibu na bomba la uani. Mzee aliyatazama kama anavyotazamwa mtu aliyemkimbia kinyozi mwaka mzima.

Asubuhi moja binti akiwa kazini, mzee alitoa mkasi wake mkubwa. Kwa mmea, mkono kutetemeka si hoja. Mmea hauna sikio. Akakata, akasawazisha, akarudi nyuma kutazama, akakata tena, mpaka tuta likabaki vishina vifupi vilivyolingana. Takataka zote akazitupa kwenye shimo la majani. Mchana huo alikula kwa hamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afike.

Binti aliporudi alisimama mlango wa nyuma, mkoba bado begani.

"Umefanya kazi, baba," alisema.

"Pale palikuwa msitu. Nimekunyolea."

Binti alitabasamu kidogo, akaingia kubadilisha nguo. Wakati wa kula aliuliza habari za mikono ya baba yake, akamwongezea wali, na zaidi ya hapo hakusema. Mzee alimjua mwanawe. Akikasirika hubwata, na yakaisha. Akiumia ndipo anaponyamaza.

Asubuhi yake, mkwe akifunga kamba za viatu mlangoni, alimwita mzee. "Baba, samahani, usinielewe vibaya. Zile giligilani alikuwa ameziacha makusudi. Alitaka zikauke, mbegu zidondoke, zijiotee zenyewe. Za dukani amepanda na kupanda, hazitoki. Hizi ndizo za kwanza kumkubali."

Mzee alizima redio. "Sasa mbona hakuniambia?"

"Angeanzia wapi? Alikukuta umefurahi."

Mkwe alipoondoka, mzee alikwenda shimoni akainama na kuanza kuchambua. Alitoa mashina yenye punje, akayakung'uta udongo, akayaweka kichwa chini ndani ya foronya na kuyatundika dirishani mwa chumba chake. Chumba kizima kilinuka giligilani, ile harufu kali ya punje mbichi inayokaa puani kama sabuni. Zilipokauka alizipukuchua, akazipanda kwenye tuta na kumwagilia asubuhi na jioni. Alingoja. Hakikutoka kitu. Alipofukua moja kwa kidole aliikuta imeoza, imekuwa ganda tupu.

Jioni hiyo alimfuata binti yake jikoni, alikokuwa akimenya vitunguu.

"Mwanangu, nimejaribu kuzirudisha. Zimekataa."

"Najua, baba. Nilikuona." Aliweka kisu chini. "Ulizikata kabla hazijaiva, ndiyo maana. Zinatakiwa ziwe rangi ya udongo."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe zamani. Nilitaka tu kitu kimoja katika nyumba hii kijiendeshe chenyewe, nisikifikirie. Wodini nafikiria watu, nyumbani nafikiria watu."

"Na mimi nikaja kukuongezea."

"Sijasema hivyo, baba."

"Hujasema. Lakini mimi kukaa bure ndiko kunakoniua. Nipe kazi, hata ya kuchunga hicho kijibustani. Nitauliza kwanza."

Binti alimtazama, macho yamejaa maji, akasingizia vitunguu. "Basi kichunge," alisema. "Kuchunga tu."

Mvua zilipoanza mzee alikuwa nje kila kukicha, koti limemfunika mpaka masikioni. Siku moja aliona vichipukizi vya kijani karibu na bomba la uani, kila kimoja na vijijani viwili virefu kama vya nyasi. Alishika kimoja ili aking'oe, akasita, akakisugua vidoleni na kunusa. Kisha akapiga magoti pale pale matopeni. Yale mashina yaliyojilaza njiani yalikuwa yametangulia kuiva, yakadondosha mbegu kabla mkasi haujafika. Na bomba lilikuwa likivuja, kwa sababu fundi bomba hutengeneza mabomba ya watu wote isipokuwa la kwake.

Bahati mbaya, juma hilohilo mkwe aliamua kuona haya. Alitokea na sururu, akapiga mstari wa kuchimba katikati ya vichipukizi.

"Hapa hapapiti sururu," mzee alisema. Alikuwa ameketi juu ya kigoda, miguu ameitanua kulinda.

"Baba, bomba limepita hapo chini."

"Lizungushe."

"Kulizungusha ni kuchimba mara mbili zaidi."

"Wewe si fundi?"

Binti alipofika kutoka kazini alimkuta mumewe ndani ya mtaro unaozunguka nusu ya ua, jasho linamtiririka, na baba yake juu ya kigoda akimwelekeza. Alipoziona giligilani alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mkwe alisema wanaocheka waje na jembe.

Zilipokomaa, mzee alichuma majani ya nje tu, na zile zilizotaka kurefuka akaziacha zirefuke. Mbegu zikaanguka zilikotaka, hata kwenye nyufa za ngazi. Majirani wakawa wanapita kuomba kishada kidogo. Mzee aliwatolea kigoda cha pili, maana hakuona sababu ya mtu kuondoka haraka, na wengi walikaa. Binti alipojilaza baada ya zamu ya usiku, alisikia kupitia dirishani sauti ya baba yake ikimsimulia mtu habari za mawingu.