Shahidi Mwenye Bawaba

Mwokaji alikuwa akipamba keki ya harusi pale meneja alipoingia jikoni, akanawa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo asionekane tena kaunta, na kuingia na kutoka apite mlango wa nyuma. Mabaka meupe yalikuwa yamemtoka mwokaji mashavuni na shingoni. Hospitali walishasema hayaambukizi. Meneja naye alikubali kwamba hayaambukizi. Tatizo si ugonjwa, alisema, tatizo ni hamu ya wateja.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao, rangi ya kijani imebanduka, unatazamana na mapipa ya taka.

Angekuwa peke yake duniani, mwokaji angevumilia. Lakini alikuwa na mama. Magoti ya mama yalishamgomea, macho yalikuwa mbioni kuyafuata magoti, na alikuwa amebakiwa na ombi moja tu: kabla hajafa, akae kiti cha mbele katika lile duka la keki, binti yake amhudumie kutoka kaunta ya vioo, watu wakiona. Nguo ya siku hiyo ilikwisha kushonwa.

"Nikija niite mteja," alimwambia. "Usiniite mama mpaka nimalize kula."

Ndipo mwokaji akaenda kwenye ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya ubaguzi. Afisa wa malalamiko, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba, alimsikiliza mpaka mwisho na kumpa pole. Baada ya muda akamwita tena. Meneja alikuwa amejibu kwamba dukani kwake wafanyakazi wote hupita mlango mmoja, wa mbele. Sasa ofisi ilihitaji shahidi aliyeona kwa macho yake.

Mwokaji akawazungukia wenzake. Mkandaji wa unga alimvuta pembeni. "Dada, mimi nimeona," alinong'ona. "Ila nikiulizwa, sikuona." Binti aliyewekwa kaunta badala yake akacheka tu, akasema, "Shoga, kesi ya nyani umempelekea ngedere, halafu unatafuta na shahidi?"

Jioni hiyo alipotoka, aliufunga mlango wa nyuma akauambia, kwa kuchoka tu, "Ni wewe peke yako uliyeniona." Kisha akashika njia. Kabla hajafika kona akasikia nyuma yake bawaba zikilia, taratibu, kama mtu mwenye viatu vinavyombana. Hakugeuka. Mlango ukamfuata hadi nyumbani, fremu na yote, ukasimama uani. Alfajiri mama alipoamka kwenda msalani aliukuta wazi, akaurudishia, kwa sababu alilelewa kutoacha milango wazi.

Ofisini, mlinzi aliukagua pande zote mbili akauruhusu kupita, mradi usiegemee ukuta uliopakwa rangi juzi. Ukasimama katikati ya chumba cha kusubiri. Afisa akauliza kama shahidi anaweza kusema. Mwokaji akajibu kwamba anaweza kufunguliwa.

Kitasa kilikuwa na joto, kama mkono wa mtu mwenye homa. Afisa alipokizungusha, ng'ambo ya mlango haikuwa ile nusu nyingine ya chumba. Ilikuwa jiko la duka la keki, taa zimezimwa, na gizani watu wamepanga foleni. Walikuwa wale wote waliowahi kupitishwa mlango ule. Alikuwepo mwosha vyombo mwenye kibiongo, na msichana aliyeambiwa weusi wake umezidi, na wengine wengi kwa nyuma wasioonekana vizuri. Wakaingia mmoja mmoja, wamejifunga aproni, wakifuta miguu. Walipokaa, mabenchi hayakulia. Mwosha vyombo alikuwa na povu la sabuni mpaka viwikoni, na mwokaji alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikwenda kumzika.

Afisa akauliza kama wote wako hai, maana marehemu wana dirisha lao, na leo limefungwa. Mwosha vyombo akainuka, akaomba radhi kwa usumbufu, akarudi alikotoka. Karibu benchi zima likamfuata. Wachache waliobaki walieleza waliyoyaona, na afisa aliwasikiliza huku akivua miwani mara kwa mara na kuifuta.

Meneja alipopelekewa habari hakubisha. Alisema wakaguzi waje wajionee. Wakaguzi wakaenda, wakazunguka nyuma ya duka, wakakuta ukuta mtupu, umepigwa lipu safi. Palipokosa mlango, waliandika, hapawezi kuwa na mtu aliyelazimishwa kuupita.

"Dada, mimi nakuamini," afisa alimwambia mwokaji. "Ila mlango ukiwa hapa, kule haupo."

"Na nikiurudisha kule?"

"Hapo utakuwa huna shahidi."

Kesi ikafungwa. Mlango haukufungwa; ulibaki palepale katika chumba cha kusubiri, kwa sababu ofisi hairudishi vielelezo. Meneja naye alitamka kwamba kazi ya mwokaji ipo palepale, kaunta haigusi, na kwa kuwa nyuma hakuna mlango na mbele haruhusiwi, njia ya kuingilia ajitafutie. Basi kila asubuhi mwokaji huamkiana na mlinzi, hupita katikati ya walalamikaji, huzungusha kitasa, na kutokeza jikoni kupitia kwenye lipu, begani vumbi jeupe kidogo. Afisa amemwomba jambo moja tu, kwa upole mwingi: siku wanapokuja wakubwa kutoka wizarani, awahi kupita kabla hawajafika. Si ubaguzi, alisema, ni wageni.

Mama alikuja na nguo yake mpya. Akakaa benchi la mbele katika chumba cha kusubiri, mgongo wima. Mlango ukafunguka, na mwokaji akasimama kizingitini na sahani.

"Karibu, mteja," alisema.

Mama akala polepole, walalamikaji wakimtazama. Kutoka gizani nyuma ya mwokaji kulisikika vyombo vikioshwa. Alipomaliza alifuta midomo na kurudisha sahani.

"Sasa niite."

"Mama."

"Na hiyo kaunta ya vioo iko wapi?"

"Iko mbele, mama. Leo imejaa."

Jikoni sauti ya meneja ikauliza ni nani anayeleta upepo. Mwokaji akarudi ndani. Mama akainuka kwa magoti yake mabovu, akaufunga mlango nyuma ya binti yake, akahakikisha umeshika, kwa sababu alilelewa kutoacha milango wazi.