Chupa Zilizonukia Wodi

Ni nani aliyekuwa akiwaua bakteria wake? Kwa miezi minne Kimya alijiuliza swali hilo kila asubuhi, alipofungua kabati la joto maabarani na kukuta chupa zake kumi na mbili angavu kama maji ya mtungi, hakuna kilichoota. Bakteria wa wenzake, katika kabati lile lile, walishamiri kama magugu baada ya mvua.

Jina la Kimya alipewa na hao wenzake, wanaume saba; yeye ndiye mwanamke pekee ghorofa nzima. Mengi ya kazi walielezana kwenye mpira wa jioni. Yeye hakualikwa, wala hakuuliza, asije akaonekana hajui. Sasa msimamizi wake alimtaka aieleze idara, Ijumaa, kama angeendelea na shahada ya uzamivu au la. Barua ya kuacha ilikuwa mkobani, imekunjwa mara nne.

Alhamisi saa saba mchana alijifungia stoo ya vifaa, akaketi juu ya kreti, akapiga simu yao ya kila wiki. Walikuwa watatu, wa vyuo vitatu, kila mmoja mpweke kwake: Dada Miamba, mwanajiolojia aliyewatangulia, Mama Pacha, mkemia, na yeye. Sharti la kikao chao lilikuwa moja: kila mtu aje na kosa lake la wiki. Mafanikio yalisubiri nje.

"Naanza mimi," alisema Dada Miamba. "Jiwe nimelipima siku tatu, nimeliandikia kurasa sita. Jana fundi ujenzi ananiambia, 'Mama, hilo zege la ngazi yetu.'"

Mama Pacha alicheka hadi mwanawe mmoja akaamka. "Loo! Dada kagundua mlima wa saruji!"

"Cheka tu, zamu yako yaja. Haya, Kimya, mdogo wangu, lete lako."

Wiki zote alikuwa akileta makosa madogo ya kuchekesha. Leo hakuwa na la kuchekesha. "Bakteria wangu hawaoti. Miezi minne sasa. Kesho naacha."

"Hebu nieleze unavyoosha chupa," alisema Mama Pacha. "Pole pole, kama unamfundisha mtoto."

"Nasugua kwa sabuni, nasuuza. Halafu nasuuza tena kwa dawa ya mama yangu, ile anayosafishia wodi hospitalini. Nilitaka zitakate kabisa. Zinanukia vizuri mno."

"Dumu limeandikwaje?"

"Dawa ya kuulia..." Akasita.

"Malizia, mwaya."

"...vijidudu."

"Jamani!" Dada Miamba alipiga makofi. "Unawaalika wageni, unawatandikia sumu!"

Kimya alicheka huku machozi yakimtoka. Mama Pacha aliongea kwa upole: "Dawa hiyo hung'ang'ania kioo. Najua, kwa kuwa nami nilifanya vivyo hivyo. Ilinila mwaka mzima, maana sikuwa na wa kumwambia."

Mwaka mzima! Mwenzake alilipia somo lile mwaka mzima, kisha akampa yeye bure, kwa dakika tano. Kimya alitafuta neno kubwa kuliko asante, asilipate. Akasema asante mara tatu. Alipoinuka aliona kreti aliyoikalia wiki zote hizo ilikuwa ya chupa mpya. Alizisuuza kwa maji safi matupu, akapanda bakteria upya.

Ijumaa asubuhi chupa kumi kati ya kumi na mbili zilikuwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Hakuwahi kuona uchafu mzuri kama ule.

"Haya, bibie," alisema msimamizi mbele ya idara, "umeamuaje?"

Kimya aliwaeleza habari ya dawa ya wodi, bila kujitetea. Wawili wakaguna, mmoja akainamia daftari na kuandika. Kisha Kimya akasema:

"Naendelea. Na kila Alhamisi saa saba naomba chumba hiki. Mwezi ujao wanaanza wasichana wawili ghorofa ya chini. Nitawapigia simu dada zangu, nao watakaa nasi hapa, si stoo."