Kikohozi cha Dirishani

Sheria mpya ilitaka masomo yote yafundishwe kwa lugha ya kigeni. Walioipitisha, watoto wao hawakusoma shule za kawaida kama hii. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi aliendelea kufundisha kwa Kiswahili kwa siri, akamkalisha binti mmoja dirishani, akohoe kila akimwona mtu wa ofisi ya elimu.

Asubuhi hiyo darasa lilikuwa limechangamka. Kila mtoto alikuwa ameweka kiganja kifuani, akisikiliza moyo wake unavyosukuma damu, na maswali yalimiminika kwa Kiswahili.

"Mwalimu, nikilala, na moyo nao unalala?"

Kabla hajajibu, yule binti akakohoa.

Viganja vikashuka. Mwalimu akaanza kukariri sentensi za kitabuni kwa lugha ambayo ilimpiga chenga tangu ujana wake. Wanafunzi wakaitikia kwa pamoja kama alivyowazoesha, na hakuna hata mmoja aliyejua anaitikia nini.

Mkaguzi wa elimu aliingia, akakaa nyuma, mguu juu ya mguu. Darasa zima halikuuliza swali hata moja, na hilo lilimfurahisha sana.

"Hongera, mwalimu," alisema akinyanyuka. "Hapa sheria inafuatwa. Kuanzia kesho nitawaleta wenzako waje kujifunza kwako, shule baada ya shule."

"Asante, mzee," mwalimu alijibu.

Mkaguzi alipopotelea getini, yule binti aligeuka kutoka dirishani.

"Ameshaondoka, mwalimu. Sasa tusome?"