Kipuli Kilichopindwa

Mgeni akila kwako mwaka baada ya mwaka, unamhesabu ndugu. Hapo ndipo Upashmat alipoingia mkenge.

Kila vuli Daktari Kurata, Mjapani wa chuo kikuu cha mjini, alifika kijijini kwa Waainu, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Japani, kuchora ramani. Upashmat alimlisha samoni na uji wa uwele, akamtajia majina ya mahali kuanzia mlango wa mto, kwani kwa Waainu mto hutoka baharini ukapanda mlimani kama mtu arudiye kwao. Kilima kimoja tu alikiruka. Huko wamelala wafu, na Mwainu akishazika hakanyagi tena kaburini, hata kwa kuchungulia.

Asubuhi ya kuagana, begi la daktari likapinduka karibu na moto. Kikabingirika kipuli cha fedha. Upashmat akakiokota. Kilikuwa kimepindwa katikati. Alikipinda yeye mwenyewe, huku analia, siku ya kumzika mama yake, maana kitu kizima hakimfuati marehemu.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Mama, tulia kwanza. Ni kwa ajili ya elimu."

"Elimu gani ya kufukua mama wa watu? Yuko wapi?"

"Mjini. Tumemhifadhi vizuri, kwenye sanduku."

Loo, jamani! Kinywa kilichokula uji wake ndicho hicho kinatamka sanduku, bila haya!

"Nani kakuonyesha kilima?"

Macho ya Kurata yalimponyoka kuelekea mlangoni. Pale alisimama Ikasanke, mdogo wake Upashmat, tumbo moja, amekumbatia kasiki la pombe ya mchele aliyopewa na daktari.

"Dada, usinitazame hivyo."

"Wewe? Wewe, Ikasanke?"

"Nilijua hakuna atakayekwenda kuangalia. Nikasema, mtu asipojua, haumii."

Mgeni ni mgeni, lakini huyu!

"Tulimwambia mama asigeuke nyuma, aende moja kwa moja kwa waliomtangulia. Wewe ulikuwa umemshika mkono. Leo umemkatiza safari, umemtupa mjini kwa watu wasiojua hata lugha yake. Akiuliza njia, nani atamjibu?"

Ikasanke akaweka kasiki chini, taratibu, lisimwagike.

"Nilimbeba mwenyewe mgongoni mpaka stesheni, dada," akasema. "Hakuwa mzito."