Pardon ya Mlangoni

Aapaye kwa hasira hujijengea nyumba isiyo na mlango. Twahiru, fundi cherehani wa mtaa wa Jabe, aliijenga yake mbele ya wateja, siku binti yake Houda aliporudi kutoka Kibenga, alikokwenda kuogelea ziwani na wanafunzi wenzake, nywele zingali mbichi.

"Wallahi, sitasema naye mpaka aombe radhi!"

Houda hakuomba. Alishikilia kwamba asubuhi aliomba ruhusa, na baba akajibu "ee". Twahiru hakukumbuka. Alichokumbuka ni kwamba asubuhi ile alikuwa na pini mdomoni, na fundi mwenye pini mdomoni hujibu "ee" kwa kila jambo.

Mzazi huambiwa achanganye upole na ukali, kipimo hatajiwi. Twahiru alikuwa amemwaga ukali wote kwa mkupuo mmoja, na sasa upole haukuwa na pa kupitia. Jumamosi Houda angehamia bweni la shule, mji wa Gitega. Baba alimshonea sare kwa kumkadiria kwa macho, maana hakuweza kumwambia "geuka".

Mkekani, wakati wa chakula, mkewe Zubeda aligeuzwa mkalimani.

"Mama Houda, mwambie mutoto wako alete chumvi."

"Kwani ni kiziwi?"

"Mwambie."

"Houda, peleka chumvi. Fundi amejishona mudomo."

Hakuna aliyecheka.

Jumamosi asubuhi Houda, amevaa sare, alitoka na sanduku, Twahiru akiingia. Wakagongana mlangoni.

"Pardon, papa."

Twahiru alilidaka neno lile, samahani ya Kifaransa, kama mfungwa aliyeona ufunguo.

"Mama Houda, umesikia? Ameomba! Mwanangu, nimekusamehe."

"Apana, papa," alisema Houda. "Hiyo ni pardon ya mulangoni. Ata mutu wa sokoni ningemupa."

"Pardon ziko ngapi?"

"Mbili. Ile ingine siwezi kuiomba, sikukosa. Na we ndiye ulinikataza uongo."

Twahiru alipima pande zote mbili. Akisema ile ilikuwa radhi, amemfundisha binti kudanganya. Akisema haikuwa, basi amekwisha kusema naye kabla ya wakati na kiapo kimevunjika. Na avunjaye kiapo, asipokuwa na cha kulisha maskini, hufunga siku tatu.

Nje teksi ikapiga honi. Twahiru akaitazama sketi ya sare: upande mmoja ulining'inia. Akapiga magoti, akachomoa pini kwenye ukosi wa shati lake, akazibana midomoni, akaanza kupinda.

Houda akauliza polepole, juu ya kichwa cha baba yake:

"Papa, siku ile uliniruhusu?"

"Ee," akajibu Twahiru.

Houda alingoja pini zitoke. Hazikutoka zote, ya mwisho ilibaki mdomoni hata pindo lilipokwisha kunyooka. Akabeba sanduku lake akaenda, asijue amejibiwa na nani, baba au fundi.

Jumatatu, Zubeda alipoweka chai mkekani, Twahiru aliisukuma kando.

"Nimefunga," alisema.

Houda, huko Gitega, hakuiona funga ile.